Mtoto Kashinda Mchezo, Usimwulize Kajifunza Nini

Ndugu mjasiriamali, fursa ya mwaka huu si kware wala matikiti. Kware walishapita, na waliobakiwa na mayai wanajua. Matikiti nayo yanastawi vizuri sana kwenye karatasi ya hesabu, shambani ni habari nyingine. Fursa ya sasa ni elimu: mchezo wa kwenye simu unaomfundisha kila mtoto kwa kiwango chake, uliotengenezwa na akili mnemba wakati wewe unakunywa chai. Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma Novemba 2022, huhitaji tena kujua kuandika programu. Unaiambia mashine unachotaka kwa maneno ya kawaida, nayo inakutolea mchezo mzima wenye rangi, sauti na maswali. Kilichobaki ni tisheti yenye nembo.

Mwongozo huu ni wa wenye haraka. Wanaotaka watoto wajifunze kweli wanaruhusiwa kuusoma kinyume.

Mahitaji ni machache: kompyuta mpakato, bando la mwezi, picha ya mtoto ameshika kishikwambi chini ya mwembe huku akitabasamu, na dhamiri inayolala mapema. Mtoto mwenyewe si wa lazima. Mwalimu ndiye kabisa.

Hatua ya 1: Chagua somo usilolijua

Mtu anayelijua somo ana kasoro moja kubwa: huona makosa. Kazi inakwama. Wewe chagua somo uliloliacha sekondari kwa amani, kisha iambie mashine: “Nitungie maswali 500 ya hisabati ya darasa la tatu, yafurahishe, yawe na mazingira ya Kitanzania.” Muda si mrefu unayo.

Usiyasome. Ukiyasoma utakutana na Asha, ambaye “huamka saa 6:00 asubuhi na kufika shuleni saa 7:30 asubuhi, je, ametumia muda gani?” Mtoto aliyefundishwa saa na mwalimu wake atakuambia kwamba saa sita ni jua la utosi, kwamba Asha ni mvivu wa kupindukia, na kwamba akifika shuleni saa saba na nusu atakuta wenzake wanajiandaa kurudi nyumbani. Jibu la hesabu liko palepale, saa moja na nusu, lakini mtoto keshaacha kuhesabu, anacheka. Mashine haikukusudia ubaya. Imelishwa maandishi ya Kiingereza kwa mlima na ya Kiswahili kwa kiganja, kwa hiyo siku yake inaanza usiku wa manane, wakati ya Asha inaanza jua linapochomoza.

Kwenye somo la Kiswahili mambo ni matamu zaidi. Unaweza kupata swali la wingi wa “ufunguo” lenye majibu manne ya kuchagua: maufunguo, vifunguo, mifunguo, na “yote ni sahihi”. “Funguo” haimo. Mtoto aliyejibu kwa ujuzi wa nyumbani kwao anapigwa alama ya kosa, tena kwa mlio. Mwalimu wa Kiswahili angeliona hilo kabla hajakaa kitini, na ndiyo sababu haalikwi. Mwite siku ya uzinduzi, akae mstari wa mbele, apigwe picha, apewe soda.

Hatua ya 2: Mfanyie kila mtoto chake, yaani andika jina lake

Maneno yanayouza siku hizi ni “kila mtoto kwa kiwango chake”. Yajaze kwenye andiko la mradi, kisha mtaje Benjamin Bloom wa Chuo Kikuu cha Chicago, ambaye mwaka 1984 aliandika kwamba mwanafunzi wa kawaida akifundishwa na mwalimu wake peke yake huwapita asilimia 98 ya wanaofundishwa kwa pamoja darasani. Wafadhili wanaipenda mno namba hiyo. Usimtaje Kurt VanLehn, aliyepitia tafiti nyingi mwaka 2011 akakuta kwamba faida ya mwalimu wa mtu mmoja ipo kweli, ila haifiki hata nusu ya ile ya Bloom. VanLehn aliona pia kwamba programu zinazofuatilia kila hatua ya mwanafunzi, zikiundwa kwa uangalifu, humkaribia sana mwalimu huyo. Hiyo ni habari njema kwa biashara yako, isipokuwa hayo maneno “kwa uangalifu”. Uangalifu unakula bajeti.

Njia nafuu ya kumtambua mtoto ni kumwita kwa jina. “Hongera sana, Neema! Umeweza!” Siku ya kwanza mfumo utaandika “Hongera sana, JINA_LA_MWANAFUNZI! Umeweza!” Usihangaike, watoto watadhani ni Kiingereza.

Njia ya pili ni kuuliza mtoto anapenda nini. Kasema mpira? Basi kila swali liwe la mpira mpaka aombe poo. “Simba wamefunga magoli 3, Yanga 2. Simba wameshinda kwa magoli mangapi?” Kama baba yake ni shabiki wa Yanga, mtoto huyo hajibu ng’o. Mfumo wako utaandika kwamba ana udhaifu wa kutoa, na utamrudisha darasa la kwanza.

Ukweli ni kwamba kumjua mwanafunzi ni kazi nyingine kabisa. Chukua mtoto aliyeandika 52 – 18 = 46. Mchezo wako utampa alama ya kosa, utamnyang’anya moyo mmoja, kisha utamletea maswali kumi mengine ya namna ileile, ayakose yote kwa ufundi uleule. Mwalimu akitupa jicho daftarini anaona mara moja: mtoto anatoa vizuri sana, ila kila safu anachukua namba ndogo anaitoa kwenye kubwa. Nane toa mbili, sita. Tano toa moja, nne. Hajui kukopa. Kosa lake lina utaratibu, na dawa yake ni moja, nayo haimo kwenye maswali kumi. Wataalamu wa kompyuta John Seely Brown na Richard Burton waliliandika jambo hili tangu 1978, wakaonyesha kwamba kompyuta inaweza kufundishwa kulitambua kosa la aina hii. Lakini inabidi mtu aketi na madaftari ya watoto, akusanye makosa yao, ayapange. Wewe una uzinduzi Ijumaa.

Hatua ya 3: Mwaga nyota

Sasa tuje kwenye mchezo wenyewe. Kila mtoto akigusa kioo, aangukiwe na kitu: nyota, almasi, sarafu, fataki. Akijibu sahihi, fataki. Akikosa, fataki ndogo za kumpa moyo. Akifungua tu, sanduku la zawadi. Asipofungua, sanduku la huzuni.

Usidhani umebuni kitu. Katika miaka ya 1920 Sidney Pressey wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, alitengeneza mashine ya vitufe vinne ya kujibia maswali, na akaifungia kifaa cha kudondosha peremende mwanafunzi akipata majibu yanayotakiwa. Mwaka 1953 B. F. Skinner, mwanasaikolojia aliyekwisha kuwafundisha njiwa kucheza tenisi ya meza, alikwenda kutazama somo la hisabati la binti yake, akatoka amekasirika: watoto walikuwa wanafanya maswali bila kujua kama wamepata au wamekosa. Mwaka uliofuata alikuja na mashine yake ya kufundishia. Skinner alitaka hatua ndogondogo na jibu la papo hapo. Wewe chukua kelele, hatua ndogondogo mwachie yeye.

Na kwa hali yoyote ile, wazazi wasisikie habari za Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1973, wanasaikolojia hao walikwenda kwenye shule ya awali ya Chuo Kikuu cha Stanford, wakawachukua watoto waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi waliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe wakichora, wakachora, wakapewa. Wengine hawakuahidiwa chochote. Baadaye kalamu zilipowekwa mezani bila ahadi, wale waliozoeshwa cheti walizishika kwa karibu nusu tu ya muda wa wenzao. Kuchora kulikuwa kumegeuka kibarua, na kibarua bila ujira hakifanywi. Mtoto anayependa hadithi kabla ya kukutana na mchezo wako ni mtaji. Baada ya miezi mitatu ya nyota atakuuliza kitabu kina nyota ngapi.

Hatua ya 4: Mfunge kwa mfululizo wa siku

Nyota zikizoeleka, leta mfululizo. Mtoto akicheza siku ya kwanza, andika 1. Ya pili, 2. Siku akikosa, namba irudi sifuri na mnyama fulani alie machozi.

Mnyama mchague vizuri. Duolingo, kampuni ya Pittsburgh inayofundisha Kiswahili tangu 2017, inatumia bundi wa kijani. Wenyewe wamemzoea. Huku kwetu bundi akitokea saa nne usiku watu hawafungui somo, wanafungua msahafu. Weka tausi.

Mfululizo ukifika siku 40, utaona jambo la kupendeza: mtoto kalala, na mama yake kakaa ukingoni mwa kitanda saa tano usiku anajibu maswali ya darasa la pili ili tausi asilie. Kesho yake dada wa nyumbani anapewa simu wakati wali unaiva, ailinde namba. Mwisho wa mwezi dada anaongoza ligi ya mkoa, anajua sehemu na desimali, na ana haki ya kudai nyongeza ya mshahara. Kwenye ripoti ya mradi andika: “Watumiaji hai wa kila siku wameongezeka.” Hujasema uongo.

Hatua ya 5: Weka kitufe cha “Nisaidie”

Hiki ndicho kiini cha biashara, kwa hiyo sikiliza vizuri. Pale chini kulia, weka kitufe kikubwa cha kijani. Mtoto akikwama kidogo tu, akibonyeze, na akili mnemba imfanyie swali lote, hatua kwa hatua, kwa lugha ya upole. Mtoto atasoma, atatikisa kichwa kukubali, ataandika jibu, atapata nyota. Mzazi akichungulia ataona maswali 30 yamefanyika, yote sahihi. Atalipia mwaka mzima.

Jambo la kuombea ni kwamba asije mtu akampa mtihani bila simu. Kwenye sekondari moja nchini Uturuki walikuja watu wa namna hiyo. Hamsa Bastani wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzake waliwagawa wanafunzi karibu 1,000 katika vipindi vya hisabati. Kundi moja lilipewa akili mnemba ya kawaida, ya kuuliza ikajibu. Kwenye mazoezi wanafunzi hao waliwapita kwa asilimia 48 wenzao wasiokuwa nayo. Kisha ikaondolewa, ukaja mtihani wa daftari lililofungwa, nao wakapata asilimia 17 chini ya wale ambao hawakuwahi kuigusa. Walikuwa wamejifunza kubonyeza.

Kulikuwa na kundi la pili, na hili ndilo la kuficha. Wao walipewa akili mnemba ileile, ila imeagizwa isitoe jibu. Kwa kila swali walimu waliiandikia jibu sahihi, makosa ambayo wanafunzi hufanya mara kwa mara, na madokezo ya kumpa mtu aliyekwama. Kwenye mazoezi kundi hilo lilipaa kwa asilimia 127. Kwenye mtihani halikudhurika, ingawa pia halikuwazidi wale wa madaftari matupu. Kwa hiyo tofauti ya mashine inayodhuru na isiyodhuru ilikuwa kazi ya mwalimu, yule uliyemwita aje kupigwa picha.

Wazee wetu walilijua hili, ndiyo maana mchezo wao hauna soko. “Kitendawili!” “Tega!” Mtegaji akisema nyumba yake haina mlango, wanaotegewa hawapewi kitufe. Wanahangaika: kaburi? Kichuguu? Jiwe? Wakishindwa kabisa, anadai mji. Wanampa Tanga, anaukataa. Wanampa Mombasa, anakubali, anakwenda huko kwa maneno, anakula, anastarehe, anawasema walioshindwa, nao wamekaa tu wanasubiri, mpaka arudi awaambie ni yai. Jibu lina bei, na aliyelilipia halisahau. Bibi naye anajua ni fumbo gani la mjukuu wa miaka mitano na ni lipi la kaka yake anayejiona mjanja. Hatoi moja kwa wote. Mchezo upo, kiwango cha kila mtoto kipo, ushindani upo. Tatizo la bibi ni moja: anachelewesha jibu makusudi, na mteja wa leo hasubiri.

Hatua ya 6: Usiijaribu kwa watoto

Tazama kilichowapata wenzetu wa Global Learning XPRIZE. Shindano lilitangazwa 2014: tengeneza programu ya kishikwambi itakayomwezesha mtoto asiye na mwalimu kujifunza mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu. Badala ya kuishia kwenye kongamano la hotelini, wakazipeleka programu za washindani watano, kwa Kiswahili, katika vijiji 170 vya Mkoa wa Tanga. Vishikwambi vilitolewa na Google. Umeme wa kuchajia ulikuwa wa jua. Mwalimu hakuwepo, na wakasubiri miezi 15. Miezi 15! Mtu anafungua kampuni, anaifunga na kufungua nyingine.

Kabla ya jaribio, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi hiyo, idadi ya wasioweza ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 zawadi ya dola milioni 10 iligawanywa kati ya washindi wawili, Kitkit School na onebillion, na programu zote tano zikaachwa wazi, yeyote azichukue bure.

Kwa mwenye haraka kuna mambo mengi ya kuogofya hapo. Programu zile zilikuwa na michezo, lakini mchezo ulibebwa na somo: sauti ya herufi, silabi, neno, sentensi, mtoto akishika moja ndipo aende jingine. Hazikuhitaji bando. Na zilipimwa na watu wengine, si na waliozitengeneza. Yote hayo yalifanyika zaidi ya miaka mitatu kabla ya ChatGPT kutoka, kwa hiyo huwezi hata kusema kwamba mafanikio yalitokana na mashine ya kutunga maneno.

Tena usije ukaisoma ile nusu nyingine. Baada ya miezi 15 ya kishikwambi, nusu ya waliokuwa hawasomi bado walikuwa hawasomi. Mtu mwaminifu angesema programu bora kabisa, mahali pasipo na mwalimu, ni afadhali kubwa kuliko kukosa vyote, na bado si mwalimu. Sentensi kama hiyo haikai kwenye bango.

Hatua ya 7: Kusanya kila kitu

Hapa tupite haraka. Omba jina la mtoto, umri, shule, picha, sauti, mahali alipo na namba ya mzazi. Ukiulizwa ni za nini, sema “kuboresha huduma”. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, na Tanzania imetunga ya kwake 2022, lakini masharti yako yatakuwa na kurasa 31 za Kiingereza, na hakuna mzazi aliyewahi kufika ya pili.

Hakikisha pia mchezo haufunguki bila intaneti. Wimbo, fataki na tausi vishuke upya kila mara. Mzazi wa Kigoma atanunua bando la wiki, litaisha Jumatano, na tausi atalia mpaka Jumapili.

Hatua ya 8: Lifiche sanduku

Siri hii ikitoka, biashara imekwisha. Kuna mchezo wa kujifunzia unaomfuata kila mtoto kwa kiwango chake, hauna umeme, na unatengenezwa kwa karatasi ya manila na boksi la viatu.

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya kazi aliyojifanyia mwenyewe: alikariri silabi zisizo na maana, kisha akapima anazisahau kwa kasi gani. Aligundua kwamba tunasahau upesi sana saa za mwanzo, kisha kasi inapungua, na kwamba marudio yaliyopishana kwa siku hushika kuliko kukesha usiku mmoja. Mwaka 1972 mwandishi wa habari Sebastian Leitner akaigeuza elimu hiyo kuwa sanduku lenye vyumba vitano. Swali unaliandika upande mmoja wa kadi, jibu upande wa pili. Kadi zote zinaanzia chumba cha kwanza, ambacho hupitiwa kila siku. Ukipata, kadi inasonga chumba cha pili, unaiona baada ya siku kadhaa. Ukipata tena, cha tatu, unaiona kwa nadra zaidi. Ukikosa, hata kama ilikuwa imefika cha tano, inarudi mwanzo.

Mpe mtoto kadi 40 za jedwali la kuzidisha na umtazame. Zile za mbili na za tano zitakimbia mpaka chumba cha tano ndani ya wiki chache. 7 × 8 itabaki chumba cha kwanza, itapanda, itaanguka, itapanda tena. Mdogo wake atakwama penginepo. Kila sanduku linakuwa la mwenyewe bila kuandikwa jina la mtu. Siku 7 × 8 inapofika chumba cha mwisho, mtoto anainuka na kushangilia bila fataki, kwa sababu anajua kilichompata. Anayetaka ya kwenye kompyuta, Anki ipo tangu 2006, inafanya kazi hiyohiyo, na kwenye kompyuta ni bure.

Ubaya wake unauona: hakuna pa kuweka tangazo.

Na akili mnemba inaingia wapi? Inaingia pabaya kwako. Mwalimu mwenye darasa kubwa anaweza kuiagiza imtungie kadi 60 za maumbo ya nomino, au hadithi fupi ya mistari minane yenye silabi walizofika wiki hii na si nyingine, au maswali ya kukopa kwa yule wa 46. Inampa rasimu kwa dakika moja. Mwalimu anachuja, anamtupa Asha wa saa sita, anarudisha “funguo” mahali pake, anabakiza kadi 35 nzuri. Kazi iliyokuwa ya jioni nzima inamalizika kabla maji ya chai hayajachemka. Mchezo wanacheza watoto wenyewe kwa wenyewe, wawili wawili, mmoja akiuliza na mwingine akijibu. Hapo mashine imefanya kazi ya karani, mwalimu amefanya ya mwalimu, na mtoto amefanya ya mtoto, yaani kufikiri. Wewe umefanya nini? Hakuna. Sasa unaelewa kwa nini nimesema ulifiche.

Maswali ya wajasiriamali

*Mwalimu akigundua makosa kwenye mchezo?* Mwambie ni toleo la majaribio. Toleo la majaribio halina mwisho.

*Mzazi akilalamika kwamba mtoto kafeli?* Mwonyeshe nyota. Kama haziridhishi, muuzie kifurushi cha dhahabu.

*Mtoto akichoka?* Ongeza tausi wa pili.

*Na kama nataka kweli wajifunze?* Basi umeshika mwongozo usio wako. Anza hatua ya 8, urudi nyuma, na kila niliposema usifanye, fanya. Umwite mwalimu siku ya kwanza, si ya uzinduzi. Usome maswali yote wewe mwenyewe, kwa sauti. Kitufe cha kijani kisitoe jibu kabla mtoto hajaandika anachofikiri. Nyota ziwe chache. Peleka kitu chako kwa watoto kumi kabla ya kukipeleka kwa mfadhili mmoja.

Kwa wazazi, ambao bila shaka mmeusoma mwongozo huu kwa kuchungulia begani kwa mjasiriamali, kipimo ni kimoja, nacho hakihitaji utaalamu. Mtoto akishacheza wiki moja, zima simu. Mpe penseli na karatasi, mwandikie swali jipya la aina ileile aliyokuwa akishinda, na umwombe amwonyeshe mdogo wake namna ya kulifanya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapo ndipo utajua kama mtoto aliinama au mashine ilimwinamia. Akiweza kueleza, programu ibaki hata kama haina nyota. Asipoweza, ifute, hata kama ana nyota elfu nne, na hela ya bando umnunulie daftari.